Mikoko ya Gazi na Hazina Iliyo Topeni

Msitu wa tropiki unapofyekwa, hasara haiishii kwenye magogo, kwa kuwa kaboni iliyohifadhiwa katika miti na udongo huungana na oksijeni na kurudi angani ikiwa hewa ukaa, yaani gesi inayozuia joto lisitoke duniani. Kwa mikoko hatari huzidi, maana mizizi yake iliyopinda hunasa majani na mchanga kila maji yanapojaa, nayo majani hayo, yakizama katika tope lisilo na oksijeni, huoza polepole mno na kuficha kaboni kwa karne nyingi. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanavijiji wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, wakinufaika na biashara ya kaboni, ambamo mnunuzi hulipia gesi iliyozuiwa kufika angani, na mapato hugharimia maji na elimu. Hata hivyo, malipo hayo yasigeuzwe kibali cha kuchafua, kwani Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi unazitaka nchi zihifadhi misitu huku zikipunguza gesi zinazozalisha zenyewe.