Je, Wajua? Alama Ambazo Ugonjwa Huziacha Mwilini

Dalili ya mvua ni mawingu; dalili ya ugonjwa, mara nyingi, ni molekuli. Mtu anaweza kuwa bado anacheka na wenzake huku protini, sukari au kipande cha jeni kikiwa kimeshabadilika katika damu yake. Alama za namna hiyo huitwa viashiria vya ugonjwa. Leo tunavipitia harakaharaka: jinsi vilivyogunduliwa, vinavyotokea, na vinavyoweza kumpotosha hata mtaalamu.

NDANI YA DAMU

Je, wajua kwamba kuacha soda siku mbili kabla ya kliniki hakumdanganyi daktari wa kisukari? Sukari iliyozidi hujibandika kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na hukaa hapo mpaka chembe nyekundu ife. Kwa kuwa chembe hiyo huishi takribani siku 120, kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Asilimia 6.5 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari. Aliyeigundua himoglobini hiyo kwa wagonjwa wa kisukari ni Samuel Rahbar, akiwa Tehran, Iran, mwaka 1968.

Je, wajua kwamba kipimo hichohicho hakimfai mgonjwa wa selimundu? Chembe zake nyekundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, kabla sukari haijapata muda wa kujibandika vya kutosha. Majibu yanaweza kupendeza ilhali sukari iko juu.

Je, wajua kwamba misuli ya moyo ikiumia humwaga protini zake kwenye damu? Mojawapo ni troponini. Hupanda ndani ya saa chache baada ya mshtuko wa moyo, ndiyo maana hospitali huipima zaidi ya mara moja ili kuona kama inaongezeka. Hata hivyo troponini husema tu kwamba moyo umeumia. Haisemi umeumizwa na nini. Figo zilizochoka nazo zinaweza kuipandisha.

Je, wajua kwamba hitilafu ya jeni inaweza kuwa bahati? Mwaka 2006 Helen Hobbs na Jonathan Cohen, watafiti wa Dallas, Texas, pamoja na wenzao walionyesha kwamba takribani asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walikuwa na jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi. Lehemu yao mbaya, LDL, ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Protini ya PCSK9 huharibu vipokezi vya ini vinavyoiondoa lehemu kwenye damu; ikikosekana, vipokezi hubaki vingi. Kufikia 2015 dawa za kwanza zinazoizuia protini hiyo zilikuwa zimeidhinishwa.

KOSA DOGO, UGONJWA MKUBWA

Je, wajua kwamba selimundu ndio ugonjwa wa kwanza kuitwa ugonjwa wa molekuli? Jina hilo lilitolewa mwaka 1949 na Linus Pauling na wenzake wa California, walipoona kwamba himoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti kwenye uwanja wa umeme. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha chanzo: kati ya asidi za amino 146 za mnyororo mmoja wa himoglobini, moja tu imebadilika. Moja hiyo inatosha kuzifanya himoglobini zishikamane, chembe ijikunje kama mundu na mishipa midogo izibe.

Je, wajua kwamba siri ya selimundu na malaria ilifumbuliwa Kenya? Anthony Allison, aliyekulia nchini humo, alikusanya damu za jamii mbalimbali mwaka 1949. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, watu 20 hadi 30 katika kila mia walibeba jeni moja ya selimundu. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Tofauti ilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, na anayeirithi kwa wazazi wote wawili huumwa.

Je, wajua kwamba tiba ya kwanza duniani ya kuhariri jeni kwa mbinu ya CRISPR iliidhinishwa kwa ajili ya selimundu? Ilikuwa Uingereza, Novemba 2023. Badala ya kusahihisha kosa lenyewe, tiba hiyo huamsha upya himoglobini ya mtoto mchanga, ambayo haishikamani.

Je, wajua kwamba saratani moja ya damu hutokana na kromosomu mbili kubadilishana vipande? Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia waliona kromosomu fupi isivyo kawaida kwa wagonjwa wa aina mojawapo ya saratani sugu ya damu. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alieleza kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Jeni mbili zilizoungana hapo huzaa protini inayoziamuru chembe zigawanyike bila kukoma. Imatinibu, kidonge kinachoifunga protini hiyo, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Je, wajua kwa nini vimelea vingi vinavyoua ng'ombe kwa nagana havikuwezi wewe? Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1, inayotoboa kimelea mpaka kikafa. Kimelea cha homa ya malale cha Afrika Mashariki kimepata ujanja: kina protini yake inayoishika APOL1 na kuizima. Lakini damu ya nyani bado hukishinda. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina za APOL1 zilizobadilika, ambazo chimbuko lake ni Afrika, humwongezea hatari ya ugonjwa wa figo anayezirithi kwa wazazi wote wawili.

KAMPALA, MOROGORO, KAGERA

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu kiligunduliwa katika uvimbe wa watoto wa Uganda? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alikutana mwaka 1957 na mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, na baadaye akawaona wengine wengi. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege. Siku moja ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na sampuli ikafika kwa kuchelewa, maji yake yakiwa na ukungu wa chembe zilizojitenga na kuelea. Chembe hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi kwa hadubini ya elektroni.

Je, wajua kwamba huenda kirusi hicho unacho sasa hivi? Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na wengi hakiwasumbui. Katika uvimbe wa Burkitt kuna jambo la ziada: jeni iitwayo MYC, inayoharakisha ukuaji, huhama kutoka kromosomu ya 8, kwa kawaida kwenda ya 14, na kukaa jirani na jeni za kingamwili ambazo huwa kazini muda wote. Nayo ikawaka bila kuzimwa.

Je, wajua kwamba panya buku hunusa kifua kikuu? Shirika la APOPO la Morogoro, linaloshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, lilianza kazi hiyo mwaka 2007. Bakteria wa kifua kikuu hutoa kemikali zenye harufu yake, na panya aliyefunzwa hupitia sampuli 100 za makohozi kwa takribani dakika 20. Sampuli anayoitilia shaka hurudishwa maabara kuthibitishwa. Panya peke yake hamwanzishii mtu dawa.

Je, wajua kwamba vimelea vya malaria navyo vina viashiria vyao? Mabadiliko katika jeni ya K13, yaliyotambuliwa kwanza Kambodia, huonyesha kwamba kimelea kinachelewa kufa mgonjwa akimeza dawa mseto. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba badiliko mojawapo limeenea Rwanda. Uganda yapo mengine, na Kagera, Tanzania, lile la Rwanda limeonekana pia. Ndiyo sababu ya kumaliza dozi na kutogawana vidonge nyumbani.

MKOJO, PUMZI NA HARUFU

Je, wajua kwamba Wamisri wa kale walipima mimba kwa shayiri na ngano? Mwanamke alikojolea mbegu. Zikiota, alihesabiwa kuwa mjamzito. Jaribio la mwaka 1963 lilionyesha kwamba mkojo wa wajawazito huotesha mbegu kwa takribani asilimia 70 ya majaribio. Sehemu ya kutabiri jinsia ya mtoto haikufaulu.

Je, wajua kwamba kabla ya vijiti vya kisasa, kipimo cha mimba kilikuwa chura? Utafiti wa Lancelot Hogben mjini Cape Town ulifungua njia. Chura jike wa Afrika Kusini akidungwa mkojo wa mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja, kwa sababu ya homoni ya mimba, hCG. Vyura hao walisafirishwa kwenda maabara za nje hadi miaka ya 1960.

Je, wajua kwamba mwanamume naye anaweza kuonekana "mjamzito" kwenye kipimo? Baadhi ya saratani za korodani hutoa hCG.

Je, wajua kwamba daktari alifukuzwa kazi kwa kukiamini kiashiria hichohicho? Mwaka 1956, huko Bethesda, Marekani, Min Chiu Li alikuwa akitibu wanawake wenye saratani ya kondo la nyuma. Uvimbe ulitoweka, lakini hCG ilibaki kidogo kwenye mkojo. Wakubwa zake waliona anawatia wagonjwa sumu bure; yeye aliendelea na dawa mpaka hCG ikaisha kabisa. Akaachishwa kazi. Muda ukamtetea: waliotibiwa mpaka kiashiria kikaisha walipona, na waliokatishiwa dawa mapema saratani iliwarudia. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker.

Je, wajua kwamba kiashiria cha kwanza cha saratani kilipatikana kwenye mkojo? Mwaka 1845 Henry Bence Jones wa London aliletewa mkojo wa mgonjwa wa mifupa. Ukipashwa moto uliganda, ukichemka ukayeyuka, ukipoa ukaganda tena. Ni mwaka 1962 tu ndipo ilipojulikana kwamba kile kilikuwa vipande vya kingamwili vinavyomwagwa na saratani ya uboho.

Je, wajua kwamba kisababishi cha vidonda vya tumbo hukamatwa kwa pumzi? Bakteria Helicobacter pylori huivunja yurea ikatoa kaboni dioksidi. Mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni iliyowekewa alama, kisha hupuliza. Alama ikitokea kwenye pumzi, bakteria yumo. Barry Marshall wa Australia, aliyewanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha hoja, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 pamoja na Robin Warren.

Je, wajua kwamba muuguzi mstaafu wa Scotland aliunusa ugonjwa wa Parkinson? Joy Milne alipewa fulana zilizovaliwa na wagonjwa na wasio wagonjwa. Aliwapata wagonjwa wote, akamtaja na mmoja aliyedhaniwa mzima. Miezi michache baadaye mtu huyo naye akagunduliwa kuwa na Parkinson. Watafiti wa Manchester sasa huzisaka kemikali za harufu hiyo kwenye mafuta ya ngozi.

KIPIMO KINAPOPOTOSHA

Je, wajua kwamba mistari miwili ya kipimo cha haraka si lazima iwe malaria ya leo? Vipimo vingi husaka protini ya HRP2, inayoweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kinyume chake kipo pia: vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2 havionekani kabisa. Viliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010. Eritrea vilienea kiasi kwamba mwaka 2016 nchi ilibadilisha vipimo.

Je, wajua kwamba neutrofili chache si ugonjwa kwa Waafrika wengi? Wengi wetu hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na ukosefu huo hukizuia kwa kiasi kikubwa kimelea cha malaria cha vivax. Badiliko hilohilo hupunguza neutrofili, mojawapo ya chembe nyeupe, zinazohesabiwa kwenye damu. Viwango vya "kawaida" vilivyowekwa kwa kupima Wazungu vimewafanya watu wenye afya kamili waonekane na kasoro, au wapunguziwe dawa walizozihitaji.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi figo za mtu mweusi zilipewa alama za bure? Fomula maarufu ya Marekani ya mwaka 2009 iliongeza karibu asilimia 16 kwenye makadirio ya kazi ya figo, kwa kigezo cha rangi tu. Iliondolewa mwaka 2021. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba makadirio ya kazi ya figo yanayotegemea kretinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, huwa juu kuliko hali halisi kwa Waafrika. Mgonjwa aliambiwa yu salama wakati figo zinakwisha.

Je, wajua kwamba PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikipanda haimaanishi lazima saratani ya tezi hiyo? Tezi iliyokua kwa umri huipandisha, maambukizi huipandisha, hata kumwaga shahawa muda mfupi kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha.

Je, wajua kwamba ahadi ya kupima magonjwa kwa matone machache ya damu iliwahi kuwa utapeli wa mabilioni? Kampuni ya Theranos ya California ilikadiriwa kufikia thamani ya dola bilioni 9. Teknolojia yake haikufanya kazi kama ilivyodaiwa. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani Januari 2022, na mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Kwa hiyo, msomaji, ukikabidhiwa karatasi ya majibu, usiishie kwenye nyota iliyowekwa pembeni ya namba. Mweleze daktari kama una selimundu, kama una mimba, au kama umemaliza dozi ya malaria hivi karibuni. Muulize ni kitu gani kingine kinaweza kuipandisha au kuishusha namba hiyo, na kama kipimo kinahitaji kurudiwa. Usiache dawa wala kuanza dawa kwa kuisoma karatasi peke yako. Namba moja, bila mgonjwa kuulizwa na kuchunguzwa, bado si ugonjwa.