Kupunguza Unene Bila Vidonge



Mapema mwaka huu tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa Runyenjes. Tulikuwa tumeenda kuangalia vitabu vya hesabu tu. Tulipofika kwenye daftari la mikopo tukaona mama mmoja amekopa shilingi 6,000, na pale pa kuandika sababu ameandika "matibabu". Tukamwuliza kwa upole kama amepona. Wenzake wakacheka, naye akainama. Kumbe pesa zile zilinunua chai ya kupunguza tumbo na chupa ya vidonge kutoka kwa mwuzaji aliyepita sokoni na kipaza sauti. Kwa wiki mbili mama huyu hakupata usingizi, moyo ulimwenda mbio, na tumbo likamwendesha. Kilo tatu zilitoka, halafu zikarudi zote. Kilichobaki ni deni, ambalo alikuwa akililipa shilingi 500 kila mwezi.

Hatuandiki haya ili kumcheka. Mama alikuwa na sababu ya kweli. Alipopimwa presha aliambiwa iko juu na apunguze uzito, lakini hakuna aliyemwonyesha atapunguza namna gani. Ukimwambia mtu "punguza" halafu ukamwacha hapo mlangoni, atamfuata yeyote anayemwahidi njia.

Na hayuko peke yake. Uchunguzi wa afya wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya akina mama 100 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2022 ulipata 45 kati ya 100, kwa wale wa miaka 20 hadi 49. Umri uliohesabiwa si uleule, lakini unaona tunakoelekea.

Unene unatoka wapi?

Mwili ukipata nguvu nyingi kuliko unazotumia, huweka akiba, na akiba yenyewe ni mafuta. Hapa inabidi tuseme ukweli ambao hautatufurahisha: miradi yetu wenyewe imechangia. Shosho wa Mbeere alibeba maji kutoka mtoni, akabeba kuni, akatembea hadi Siakago na kurudi. Leo bomba liko uani, posho mill iko karibu, na bodaboda inangoja langoni. Hayo ni maendeleo, na hatutaki mama yeyote arudishiwe mtungi mgongoni. Lakini kazi ilipopungua, sahani haikupungua. Kwa wengi iliongezeka, hasa mwezi ule wa bonasi ya majani chai.

Chukua sukari. Mtu anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekula vijiko 15. Kijiko kimoja ni kama gramu 4, kwa hivyo ni gramu 60 kwa siku, karibu kilo mbili kwa mwezi, peke yake! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa gramu 25 ni bora zaidi. Na bado hatujahesabu soda. Chupa ya mililita 300 ina kama vijiko vinane. Mikutano yetu ya kikundi, tunajua, haifunguliwi bila thermos na mandazi.

Halafu mafuta ya kupikia. Gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi ya gramu moja ya unga. Kijiko kikubwa kimoja kina nguvu karibu sawa na zile unazomaliza ukitembea kwa haraka nusu saa. Ndiyo sababu mtu anayetembea kila jioni lakini sufuria yake haibadiliki huona uzito umekwama pale pale.

Vidonge hufanya nini ndani ya mwili?

Vingi vinavyouzwa sokoni ni vya kuharisha au vya kukojoza. Chakula kikifika kwenye utumbo mkubwa, ambako dawa nyingi za kuharisha hufanya kazi, nguvu zake nyingi zimeshachukuliwa na utumbo mdogo. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka kilo mbili, unafurahi, unakunywa maji, zinarudi. Ukiendelea hivyo kwa muda, chumvi zikipungua sana, moyo unaweza kupiga ovyo.

Vingine huua hamu ya kula. Fenfluramine iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa sababu iliharibu vali za moyo. Sibutramine iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Lakini wakaguzi wa dawa wa nchi nyingi wameendelea kuipata imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vinavyoitwa "vya miti shamba tu". Hatujui ndani ya chupa ya yule mama kulikuwa na nini. Lebo haikusema, na mwuzaji hajaonekana tena.

Iko dawa halali, orlistat, inayozuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Sukari ya chai na ugali haiwezi kuzigusa, na mafuta yaliyozuiwa hutoka chooni, wakati mwingine bila kukupa nafasi ya kukimbia. Pia ziko sindano mpya kama semaglutide. Hizo zinafanya kazi kweli, lakini ni za kuandikiwa na daktari na bei yake ni kubwa. Wengi wakiacha kuzitumia, sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Tuongeze neno juu ya miraa na muguka, kwa kuwa tuko Meru na Embu na hatuwezi kupita kimya. Tumesikia vijana, na siku hizi hata akina mama, wakisema muguka "unakausha mwili". Ni kweli kwamba ukitafuna husikii njaa. Ndani yake mna cathinone, ambayo ni jamaa wa karibu wa amphetamine, na amphetamine ilikuwa ikiuzwa kama kidonge cha kupunguza unene miaka ya 1940 hadi 1960, kabla ya madhara yake kuwekewa mipaka. Inapandisha presha na kufukuza usingizi. Na mtafunaji huteremsha na nini? Soda na chai ya sukari! Hatumwambii mtu wa Maua au Kiritiri ang'oe miti inayolipa karo ya watoto. Tunasema tu si dawa ya unene.

Njia tunayoijua

Kwanza jipime. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Mama akizidi sentimita 80 aanze kuangalia, akizidi 88 hatari imekuwa kubwa. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Usilenge kuwa msichana tena. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, mara nyingi presha na sukari huanza kushuka. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na ukipita kilo moja unakimbia mno.

Chakula chetu si kibaya. Nusu ya sahani iwe mboga: terere, managu, kunde, sukuma. Robo iwe maharagwe, njahi, ndengu au kipande cha nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, nduma au viazi. Githeri ni nzuri maharagwe yakiwa mengi kuliko mahindi. Mukimo karibu wote ni wanga, kwa hivyo usiweke na chapati kando yake (wenye harusi watusamehe). Unga wa posho mill usiochekechwa unashibisha zaidi ya ule mweupe. Sukari ipunguze kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Usijinyime kabisa. Anayeenda shambani bila chochote hurudi saa nane na kula sahani mbili. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Bodaboda ikushushe mbali kidogo na nyumbani.

Wako wasiofaa kuanza bila kuongea na daktari. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au insulini akikata chakula ghafla anaweza kuzimia. Mama mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Anayetumia ARV akiona ananenepa aseme kliniki, asiache dawa. Na mtu anayekonda bila kujaribu akapimwe haraka, kwani kifua kikuu na kisukari huanza hivyo.

Kuna jambo lingine linalorudisha wengi nyuma. Wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, Uganda waliuita "Slim", na hata kwetu kukonda kukawa habari ya kunong'onezana. Hadi leo mama akipungua kilo tano majirani wanaulizana. Kwa hiyo tunashauri mfanye kama kikundi, mbele ya kila mtu, na daftari lenu. Mwalike mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 wengi wao walipewa mkoba wenye mizani na mashine za kupima presha na sukari.

Kikundi cha Runyenjes kilianza mwezi wa tatu. Mandazi yameondoka mkutanoni, pamekuja nduma na chai ambayo kila mtu anajiwekea sukari mwenyewe. Wanajipima kila mwezi kabla ya kuhesabu pesa. Yule mama alianza na sentimita 101. Mara ya mwisho tulipoenda alikuwa na 96, presha imeshuka kidogo ingawa bado anameza dawa ya daktari, na alikuwa amebakiza shilingi 1,500 za deni.