Gari lako la Japani liliwahi kuitwa lirudi kiwandani? Kagua chesisi

Pita Ziwa la Ng'ombe jioni uone magari yakioshwa tayari kwa kazi ya usiku. Vitz, Fit, Demio, Note. Vijana wanapangusa dashibodi, wanapuliza marashi, wanachomeka simu na kuwasha programu ya teksi. Muulize mmoja hali ya gari lake, atakujibu bila kufikiri: "Iko sawa bro. Breki mpya, oili nimebadilisha juzi."

Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: je, kampuni iliyounda gari hilo iliwahi kuliita lirudi?

Ndiyo, kampuni hufanya hivyo. Zikigundua kifaa fulani kina kasoro ya hatari, hutangaza aina ya magari, miaka na nambari zake, kisha wenye magari hutakiwa kuyapeleka yakarekebishwe bila kulipa hata senti. Kule Japani mwenye gari huandikiwa barua. Lakini gari likishauzwa, likapakiwa melini na kushushwa bandari ya Mombasa, barua haivuki bahari. Wewe mnunuzi wa tatu au wa nne hapa Kisauni, hakuna anayejua unaishi wapi.

Kisa kikubwa zaidi cha aina hii ni cha kampuni ya Takata ya Japani, iliyokuwa ikitengeneza mifuko ya hewa, ile tunayoiita eabegi. Mifuko yake ilitiwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na mengine mengi. Marekani peke yake, mifuko ipatayo milioni 67 ilitakiwa kubadilishwa. Takata ilifilisika Juni 2017.

Shida ilikuwa wapi? Mfuko wa hewa hujaa haraka kuliko kupepesa jicho kwa sababu nyuma yake kuna kikopo cha chuma chenye kemikali inayoungua kwa kasi. Takata ilitumia amonia naitreti. Kemikali hii ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali inaungua kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinarukia shingo na uso wa dereva au abiria wa mbele. Ajali ndogo tu, ambayo ingekuachia bampa iliyobonyea, inaweza kuua.

Joto na unyevu. Hebu fikiria gari lililoegeshwa Mombasa mwezi wa Februari, vioo vimefungwa, miaka nenda miaka rudi. Si ajabu kwamba nchi kama Malaysia, yenye hali ya hewa inayofanana na ya Pwani, zilishuhudia vifo vya madereva wa Honda. Raia wa Ufaransa waliouawa na mifuko hiyo pia, wengi wao walikuwa katika maeneo ya ng'ambo yenye joto kama Guadeloupe. Baada ya mwanamke mmoja kufariki mjini Reims mwaka wa 2025, serikali iliamuru magari yote ya Citroën C3 yaliyohusika yasiendeshwe hadi yarekebishwe.

Tangu Mei 2018, Japani imekuwa ikiyanyima cheti cha ukaguzi baadhi ya magari ambayo mifuko yake ya Takata haijabadilishwa. Kwa hivyo la kutiliwa shaka zaidi ni lile lililotua Kenya kabla ya hapo na bado linapiga kazi mitaani.

Usidhani gari jipya kidogo limesalimika. Kuanzia 2020, Toyota iliyaita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso. Pampu hiyo ikikwama, injini inaweza kuzima ukiwa mwendoni. Picha hiyo ukiwa na lori nyuma yako haipendezi.

Sasa unakagua vipi? Kazi inaanza na nambari ya chesisi. Iko kwenye logibuku, kwenye rekodi ya gari ya NTSA, na kwenye bamba chini ya boneti. Linganisha zote, zikitofautiana, una shida nyingine kabisa.

Gari lililoundwa kwa soko la Japani halina nambari ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani. Lake ni fupi: msimbo wa modeli, kistari, kisha nambari. Vitz, kwa mfano, inaweza kuanza na SCP90 au KSP130. Ndiyo maana ukiingia tovuti ya serikali ya Marekani inakukataa. Usikate tamaa. Ingia tovuti ya kampuni husika ya Japani, sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa, na uandike nambari yako. Maandishi ni ya Kijapani, lakini simu yako inaweza kutafsiri ukurasa. Utaonyeshwa kama gari liliitwa, kwa kasoro gani, na kama lilirekebishwa.

Ukikuta halijarekebishwa, wasiliana na muuzaji rasmi wa aina hiyo ya gari nchini. Mpe chesisi, kisha uliza maswali mawili: mnarekebisha gari lililotoka Japani mkono wa pili? Na nani analipa? Jibu lake liombe kwa maandishi.

Tahadhari tatu. Kwanza, taa ya eabegi kutowaka kwenye dashibodi haimaanishi uko salama. Taa hiyo haioni kemikali iliyoharibika. Pili, usimwambie fundi wa mtaani afungue usukani "aangalie tu". Kile ni kilipuzi. Tatu, kama gari liliwahi kugonga na eabegi ikabadilishwa kwa ile ya gari lililochinjwa, chesisi haitakuambia mfuko huo ulitoka wapi. Muulize aliyekuuzia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikwepa. Madereva wengi wa teksi za programu hawana magari. Wanaendesha ya mtu na kupeleka hesabu kila siku. Tajiri ndiye mwenye logibuku, lakini anayekaa mbele ya usukani ni wewe. Huhitaji ruhusa yake kusoma bamba chini ya boneti. Ukipata jibu baya, mpigie kwa heshima: "Boss, gari hii kampuni iliiita, hii hapa picha. Tunaipeleka lini?"

Akikwambia uendelee tu, basi umeshajua hesabu yako ya siku inapimwa dhidi ya nini. Na abiria wako wa kwanza leo usiku, yule anayependa kukaa mbele mpige stori, yeye hajui.