Keti, Usubiri Maji

Maji yakipwa katika hori ya Mida, kusini mwa Watamu, mpita njia huona tope tupu, tena lenye harufu. Nilifika pale alasiri moja ya Januari, jua la kaskazi likichoma utosi. Nikapita juu ya daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba kati ya mikoko na michu, hadi kwenye kibanda kilicho ukingoni. Kijana wa Kigiriama aliyeniongoza akanikabidhi darubini na agizo moja tu: "Keti, dada, usubiri maji."

Maji yakaanza kujaa. Tope likapungua, na ndege waliokuwa nukta tu kule mbali wakasukumwa polepole kutujia. Walitangulia vitwitwi wenye midomo iliyopinda, ambao huzaliana kule Siberia, karibu na Bahari ya Aktiki. Heroe wachache wakabaki nyuma yao. Kisha wakaja niliowafuata: ndege wala kaa, weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia magamba.

Ndege huyu hana mfano. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, na badala ya kutaga juu ya mchanga kama jamaa zake, huchimba shimo na kutaga ndani yake yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha huvuka bahari kuja kwetu, kama majahazi ya zamani, ila yeye haungoji upepo wa kaskazi: Agosti wengine wameshatua Mida. Nilimwona kinda wa kijivu, kimo sawa na mzazi, bado anamfuata nyuma akilialia apewe kaa. Safari yote ile, na malezi hayajakwisha! Sikuishusha darubini mpaka mkono ukafa ganzi.

Hori hii ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Kiingilio cha daraja husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani. Kwangu mimi, anayekata mkoko hapa kwa ajili ya boriti anawadhulumu kaa, ndege na watoto hao kwa pamoja.

Ukienda, uliza kwanza saa za maji. Fika yakiwa ndiyo yanaanza kujaa, uketi, unyamaze.