Mapungubwe: Mji wa Kilimani na Kifaru wa Dhahabu

Je, wajua kwamba kabla Great Zimbabwe haijafikia kilele chake, palikuwa na mji wa kifalme juu ya kilima cha mawe, mahali Mto Shashe unapoingia Limpopo? Leo hapo ndipo Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe zinapopakana. Kilima chenyewe, Mapungubwe, kina urefu wa kama mita 30 tu, lakini kingo zake zimesimama wima kama ukuta, na juu ni tambarare.

Mji huo ulistawi kati ya mwaka 1220 na 1300 hivi. Mfalme na watu wake wa karibu waliishi juu, raia wakaishi chini bondeni. Njia mojawapo ya kupanda ilikuwa ufa mwembamba katika jiwe. Ukitazama kuta za ufa huo utaona vishimo vilivyochongwa vikielekeana, huku na huku. Humo ndimo zilimopachikwa fito za kukanyagia. Mtu mmoja aliyesimama juu angeweza kuwazuia wengi. Juu ya kilima udongo ulikuwa haba, kwa hiyo walibeba udongo kutoka chini wakaumwaga juu ya mwamba ili wapate mahali pa kujenga nyumba. Ni kazi ya vichwa na mabega, safari moja baada ya nyingine. Nikiwazia kazi hiyo, naiona nguvu ya ufalme ule zaidi kuliko ninavyoiona katika dhahabu yake.

Hata hivyo, dhahabu ndiyo iliyoupa mji huo umaarufu. Wenyeji walikijua kilima siku zote na kukiheshimu. Wageni walikipanda mwishoni mwa mwaka 1932, na kijana mmoja wa msafara ule, aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Pretoria, akapeleka habari kwa profesa wake wa zamani, Leo Fouché. Makaburi matatu yalitoa ushanga na bangili za dhahabu, bakuli, fimbo ya enzi, na kifaru mdogo anayetosha kiganjani.

Mwangalie kifaru huyo kwa karibu. Si dhahabu ya kumiminwa. Fundi alichonga mwili wa mti, akafua dhahabu hadi ikawa bamba jembamba sana, akalivika juu ya mti na kulipigilia kwa vimisumari vidogo vya dhahabu hiyohiyo. Mti ulioza zamani, ikabaki ngozi ya dhahabu: mabega mazito, kichwa kilichoinama, mkia uliosimama, na pembe moja. Aliyemtengeneza alikuwa amemtazama sana kifaru akitembea.

Dhahabu na pembe za ndovu zilishuka hadi Bahari ya Hindi, na kutoka huko zikapanda shanga za vioo nyingi ajabu pamoja na vyombo vya kauri vya China. Wafanyabiashara wa pwani yetu ndio waliokuwa kiungo cha biashara hiyo. Tukisoma Kilwa tunasoma misikiti, sarafu na majahazi. Ni haki tuwasome pia wachimbaji, wafuaji na wawindaji wa bara ambao bila wao majahazi yale yangerudi na shehena haba. Na kuna jambo litakalomfurahisha kila mcheza bao: juu ya kilima kuna safu za vishimo vya mchezo wa jamii hiyohiyo, vilivyochongwa kwenye mwamba.

Kufikia mwaka 1300 watu walikuwa wamehama. Wataalamu wengi hutaja mabadiliko ya hali ya hewa, na bila shaka biashara nayo ilikuwa ikielekea kaskazini, huko Great Zimbabwe.

Wakati wa ubaguzi wa rangi, watoto wa Afrika Kusini hawakufundishwa habari hizi, kwa kuwa zilipingana na madai kwamba wazungu walikuta nchi tupu. Mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2002 nishani ya juu ya taifa hilo inaitwa kwa jina la Mapungubwe, na Nelson Mandela alikuwa wa kwanza kuipokea. Mwaka 2003 eneo hilo likawa Urithi wa Dunia. Mwaka 2007 mifupa iliyokuwa imefukuliwa ilirudishwa na kuzikwa upya kwenye ardhi ya mababu. Kifaru bado yuko Pretoria, chuoni. Kilimani kwenyewe unaweza kupanda, lakini lazima uongozane na mwongozaji wa hifadhi.