King'ora Kinamwita Nani?

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuitia msaada. Tunayo mayowe, kamsa, ukemi, nduru na usiyahi. Tunayo mbiu ya mgambo, ambayo wahenga walitwambia ikilia ina jambo. Na katika miji yetu ya leo tunacho king'ora. Ukiyachunguza maneno hayo utaona yana sharti moja lisilotajwa, nalo ni kwamba yupo wa kusikia. Anayepiga kamsa nyikani amepiga kelele tu. Naileta hoja hii ya kiisimu hapa kwa sababu nimesoma vipeperushi vya wauzaji wa mitambo ya kamsa za nyumbani jijini Nairobi, na nionavyo, sharti hilo ndilo lililosahauliwa.

Vipeperushi hivyo nililetewa na mwalimu mmoja wa shule ya upili aliyetaka nimsaidie kuchagua. "Daktari, wewe ni mtu wa lugha, nisomee haya," aliniambia. Vilikuwa vinne, vyote kwa Kiingereza, na vyote vilihesabu vyombo: vihisi vingapi, kamera ngapi, king'ora cha desibeli ngapi. Hakuna hata kimoja kilichoeleza bayana ni nani atakayekuja king'ora kikilia, na atakuja na nini mkononi.

Vyombo vyenyewe si miujiza. Mlangoni huwekwa sumaku mkabala na swichi ndogo. Mlango ukifunguliwa, sumaku huachana na swichi na habari hufika katika kisanduku kikuu. Sebuleni huwekwa kihisi kinachotambua joto la mwili unaosogea, uwe wa mwizi au wa paka wa jirani. Kisanduku ndicho huamua kuliza king'ora na kupeleka ujumbe nje kwa redio, simu au intaneti. Fundi mwadilifu aweza kuvifunga vyote kwa siku moja.

Historia yenyewe inafunza. Augustus Russell Pope wa Somerville, karibu na Boston, alipopewa hataza ya kengele ya umeme ya kuwanasa wezi mwaka 1853, kengele hiyo ililia ndani ya nyumba, ikimwamsha mwenyewe akapambane na mgeni wake. Edwin Holmes alizinunua haki hizo mwaka 1857, na baadaye huko New York nyumba na maduka yakaunganishwa kwa nyaya na kituo penye watu wanaokesha. Hapo ndipo kelele ilipogeuka kuwa ujumbe.

Ajabu ni kwamba mitaani mwetu wengi wangali wananunua kengele ya Pope. Kinafungwa king'ora juu ya paa, basi. Kikilia mara tatu kwa ajili ya paka na mara mbili kwa ajili ya upepo, mara ya sita hakuna jirani atakayefungua pazia. Ishara imepoteza maana yake, kama neno linavyochakaa kwa kutumiwa ovyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Muulize ana magari mangapi ya doria upande wako usiku wa manane, mvua ikinyesha. Walinzi wa kibinafsi nchini hawabebi bunduki. Basi muulize kama garini huwa na polisi, au ni vijana wawili wenye rungu na tochi. Mdai pia cheti cha usajili, maana Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inamtaka awe nacho. Na kama huna uwezo wa kulipa ada ya kila mwezi, naona heri king'ora cha bei nafuu ambacho majirani zako wa Nyumba Kumi wamekubaliana watatoka kikilia, kuliko kamera sita zinazomrekodi mwizi akiondoka na televisheni yako.

Swali la pili ni stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima iliingia gizani, na Desemba mwaka huo mambo yakawa yale yale. Betri ya kawaida ya mitambo hii ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Mtambo ukitumia nusu ampea, kwa hesabu ya darasani betri itadumu saa 14. Betri kuukuu haifiki huko. Nayo intaneti ya nyumbani huzimika papo hapo ikiwa kifaa chake hakina betri, na ujumbe uliotegemea njia hiyo pekee hautavuka ukuta.

La tatu ndilo linalonishughulisha zaidi. Mitambo mizuri huwa na maneno mawili. King'ora kikilia, kampuni hupiga simu, nawe ukitaja neno la siri, kamsa hufutwa. Lakini lipo neno la pili, la kutamkwa kisu kikiwa shingoni: anayesikiliza hukuitikia kwa adabu, hukata simu, kisha hutuma gari. Ni usemi mmoja wenye maana mbili kwa wasikilizaji wawili walio pale pale. Neno hilo lisiwe la kila siku, wala lisiwe gumu hata ulimi uteleze kwa hofu. Salamu za shangazi ambaye hayupo zafaa sana.

Sasa, nani hushinda nyumbani mchana? Si mwalimu, wala si mimi. Ni msaidizi wa nyumbani, au nyanya aliyekuja kutoka mashambani kutunza mjukuu. Hao ndio watakaoipokea simu hiyo, na mara nyingi watasemeshwa kwa Kiingereza cha haraka na mtu wasiyemwona. Nilimshauri mwalimu adai, kabla ya kutia sahihi, simu ya majaribio, yeye akiwa kazini: nyanya apigiwe, aulizwe kwa Kiswahili au kwa lugha yake, atoe neno la pili, na dakika zihesabiwe hadi gari lifike langoni. Kampuni mbili kati ya nne zilisema jaribio kama hilo haliwezekani.