Mshahara mmoja, nyumba moja: Hesabu za mpangaji wa Makorora

KIJANA anayeanza kazi Tanga bila mke au mume hukaribishwa na maneno mawili. La kwanza ni "hongera". La pili ni "wewe huna majukumu".

Hilo la pili ndilo linalomgharimu. Kwa kuwa hana mtoto wa kusomesha, atamsomesha wa kaka yake. Kwa kuwa hana mume wa kumuuliza fedha zimekwenda wapi, kadi za michango ya harusi zitamfikia yeye kwanza. Miaka kumi hupita, amesaidia wengi, naye bado analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo katika chumba kilekile.

Makala haya yanamhusu mtu huyo: mwalimu, muuguzi, karani wa bandarini, fundi wa kiwanda cha saruji Pongwe. Lakini mkulima na mfanyabiashara mdogo asigeuze ukurasa. Wapo wakulima na wenye maduka wanaoishi peke yao pia, na hesabu zao ni hizihizi, tofauti yao ni kwamba hawana tarehe ya mshahara. Isitoshe, anayemuuzia mtumishi huyu kiwanja, matofali na unga wa mwisho wa mwezi ni wewe.

Tuchukue mfano. Muuguzi wa kike mwenye umri wa miaka 29, hajaolewa, amepanga chumba na sebule Makorora. Tuseme baada ya makato yote anabaki na Sh650,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni Sh70,000, chakula Sh180,000, nauli Sh40,000, umeme, maji na gesi Sh40,000. Wazazi kijijini huwatumia Sh80,000. Simu ni Sh20,000, michango ya harusi na misiba Sh50,000, nguo na mengineyo Sh50,000.

Jumla ni Sh530,000. Zinabaki Sh120,000, ikiwa hakuna aliyeugua.

Msomaji abadilishe tarakimu kulingana na mfuko wake. Anayeuza machungwa ya Muheza au anayeendesha genge asitumie mwezi wake mzuri wala asigawanye mapato ya mwaka kwa kumi na mbili. Achukue mwezi mbaya kuliko yote wa mwaka uliopita, na ahesabu kuanzia hapo.

Sasa aende benki kukopa nyumba. Tuseme nyumba ni Sh30 milioni, riba asilimia 15 kwa mwaka, muda miaka 15. Marejesho ni kama Sh420,000 kila mwezi, na mpaka anamaliza atakuwa amelipa zaidi ya Sh75 milioni. Akishahamia, kodi ya Sh70,000 itaondoka, hivyo matumizi yake yatakuwa Sh460,000. Lakini mkononi atabaki na Sh230,000 tu. Kila mwezi anapungukiwa Sh230,000 nyingine. Hakuna mchezo wala upatu utakaoziba pengo hilo.

Si kwamba Serikali haikujaribu. Benki ya Nyumba Tanzania (THB) ilianguka mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mfanyakazi wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa nyumba. Ikaja sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wananchi. Mikopo ikaongezeka na muda wa kulipa ukarefuka. Kwa wenye mishahara miwili katika nyumba moja hilo ni jambo la maana. Kwa mwenye mmoja, hesabu ya hapo juu ndiyo jibu.

Wazee waliojenga mitaa ya Makorora, Ngamiani na Mabawa hawakungoja benki. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ilikuwa mkopo wa aina yake. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha, na kodi ya wapangaji hununua mabati na kulipa mafundi. Hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni nyumba inayolipa kabla haijakamilika.

Wapo wanaofikiri njia rahisi ni kuinunua mojawapo ya nyumba hizo kuukuu, kwa kuwa zipo mjini, karibu na soko, na huduma zimeshafika. Wazo si baya, ila nyingi ni nyumba za urithi. Anayekuonyesha nyumba ni mtoto mmoja kati ya saba, wawili wako Dar es Salaam, mmoja yuko Mombasa. Usitoe hata shilingi ya kishika mahali mpaka uone barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na warithi wote wameridhia kwa maandishi. Mwenye familia kubwa nyuma yake anaweza kubishana na familia nyingine. Wewe uko peke yako, na likizo yako ni siku 28 kwa mwaka. Utazimalizia kwenye mabenchi ya baraza.

Kwa hiyo wengi hutoka nje ya mji, kuelekea Kange, Pongwe na vitongoji vingine, wakatafute kiwanja. Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri uliozoeleka mitaani, kwamba ukipata shilingi ya kwanza nunua kiwanja, mengine yatafuata.

Muuguzi wetu asianze na kiwanja. Aanze na miezi mitatu ya kuishi. Kwake hiyo ni Sh1,590,000, na kwa Sh120,000 anazoweka itamchukua zaidi ya miezi 13. Ni muda mrefu na unachosha, hasa mwenzako wa ofisini akiwa ameshaonyesha picha za msingi wake. Lakini mtu mmoja hana mwingine wa kumshika akiteleza. Mshahara ukichelewa, mama akilazwa Bombo, mkataba ukikatika, asiye na akiba ya kuishi huuza kiwanja. Na kiwanja kinachouzwa kwa shida huuzwa kwa bei ya mnunuzi.

Fedha hizo ziwekwe wapi? Kibubu cha mbao kina faida ya kutokuuliza maswali, lakini kila mwenye shida jirani anakijua. Mchezo wa wanawake wa uani unafundisha nidhamu, ila ni fedha inayozunguka, si akiba: ukipokea mwanzoni una deni, ukipokea mwishoni umewakopesha wenzako bila riba. Mifuko ya uwekezaji ya UTT, ulioanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, inapokea kiasi kidogo na unaweza kuuza vipande vyako ukahitaji fedha. Thamani ya vipande hubadilika, kwa hiyo ulizia mfuko upi unafaa kwa fedha ya dharura na upi ni wa miaka mingi.

Ukiahidiwa fedha kuongezeka maradufu kwa miezi michache, kumbuka DECI. Watu walihimizwa "kupanda mbegu" wavune zaidi, na wengi walivuna kweli mpaka mwaka 2009 Serikali ilipoingilia kati. Waliochelewa kupanda waliachwa na stakabadhi. Wapo waliopanda fedha za kiwanja.

Baada ya akiba ya kuishi ndipo SACCOS. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Mwenye akiba ya Sh800,000 anaweza kupata Sh2.4 milioni. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, kwa miezi 36, rejesho la kwanza ni kama Sh102,700 na hupungua kila mwezi. Riba yote ni Sh666,000. Hilo linaingia ndani ya Sh120,000 zake. Aulize neno moja kabla ya kusaini: riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki au kwenye mkopo wote wa mwanzo? Wakisema mkopo wote, kwa asilimia ileile riba inakuwa Sh1,296,000, karibu mara mbili.

Asisahau pia kwamba atatakiwa kuwa na wadhamini, na kesho wao watamtaka awadhamini. Mtu asiye na familia hufuatwa sana kwa udhamini, kwa sababu ileile ya "huna majukumu". Kudhamini ni kukopa bila kupokea fedha.

Kuhusu kiwanja chenyewe, barua ya mauziano iliyopigwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa si hati. Inathibitisha kwamba mlikaa mkakubaliana, haithibitishi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Kwa kiwanja kilichopimwa, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ujue jina lililosajiliwa ni la nani na kama kina rehani. Kwa kisichopimwa, uliza majirani wa pande zote nne, uliza kama upimaji umepangwa, na barabara itapita wapi. Nenda siku ya kazi, kisha rudi mwenyewe jioni bila dalali. Mvua za masika zikianza, rudi tena. Kiwanja kikavu cha Januari huwa na vyura Mei.

Hapa nina neno kwa mkulima anayekata shamba lake na kuliuza vipandevipande. Shamba likipimwa kabla ya kuuzwa, kipande kimoja huuzwa kwa bei nzuri zaidi na ugomvi hupungua. Wenye mashamba jirani wakichangia gharama za upimaji, mzigo wa kila mmoja huwa mwepesi.

Mnunuzi naye ajue kwamba kiwanja chenye hati kina masharti. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na hati kwa kawaida hutaka kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36. Kununua na kuacha nyasi ziote kwa miaka kumi si akiba salama kama watu wanavyodhani.

Kwenye ujenzi, kosa la mwenye mshahara mmoja ni kuanza na msingi wa nyumba ya vyumba vinne. Msingi hula fedha za miaka mitatu, halafu husimama ukisubiri mwenyewe aolewe au apandishwe cheo. Aanze na chumba kimoja na choo upande wa uani, akiacha nafasi ya nyumba kubwa mbele. Hapo anaweza kuhamia, au kumweka mlinzi, au kupangisha.

Asinunue saruji akaiweka ndani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mfuko hugeuka jiwe. Anunue kwa kiasi cha kazi ya wiki hiyo, au afyatue matofali, maana tofali haliharibiki, ingawa huibiwa. Mchanga wa ufukweni akatae hata ukiwa wa bure: chumvi yake hula chuma na kubandua lipu. Bati achukue geji 28 badala ya 30, ndilo nene zaidi, na upepo wa bahari hauna huruma na bati jembamba. Mafundi walipwe kwa hatua ya kazi iliyokwisha, na siku za kumwaga zege aombe ruhusa kazini. Mwenye ndoa hupokezana na mwenzake kusimamia. Asiye na ndoa amtafute ndugu anayejua kuhesabu mifuko, amlipe.

Kabla ya kuhamia, apige hesabu ya nauli. Kutoka Makorora anaweza kufika kazini kwa baiskeli, kama watu wa Tanga walivyozoea. Akihamia pembeni ya mji nauli ikapanda kutoka Sh40,000 hadi Sh80,000, kodi ya Sh70,000 aliyookoa imebaki Sh30,000. Huenda ikamfaa kubaki Makorora na kukipangisha kile chumba kipya kwa mwaka mmoja au miwili, kama wazee walivyofanya.

Na akiwa bado mpangaji, atazame risiti yake ya LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama mita iko kwenye chumba chako, zungumza naye mapema ikatwe kwenye kodi ya pango.

Limebaki swali ambalo wanawake huulizwa zaidi kuliko wanaume: unajenga ya nini, na kesho utaolewa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali mtu aliyokuwa nayo. Hati ikiwa na jina lake, inabaki yake. Ila ikiwa nyumba ilikuwa msingi tu na mkaimalizia pamoja, mwenzake anaweza kudai sehemu ya kile kilichoongezeka. Ndiyo sababu stakabadhi za saruji, mabati na malipo ya fundi hutunzwa, zikiwa na tarehe.

Zitunzwe mahali ambapo mtu mwingine mmoja anapajua. Asiye na mume wala mtoto akifariki, ndugu hujua alikuwa anajenga, lakini hawajui kiwanja namba ngapi wala deni la SACCOS ni kiasi gani. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: namba ya kiwanja, jina la benki, madeni na wadaiwa. Aliye Muislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi, na wosia wa kila dini una taratibu zake za mashahidi. Nakala moja akae nayo mwenyewe, nyingine ampe dada yake.